Damu ya Mbwa Koko

Mimi hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Sisemi hivyo kwa kujivuna. Kujivuna ni kwa mtu aliyerithi, na mimi sikurithi hata jembe. Nilisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza, lakini leo nina malori matatu barabarani, nina mashine ya kusaga unga Kangemi, nina nyumba ya mawe yenye maji ya bomba mpaka jikoni, na watu waliosoma mpaka wakavaa miwani huja ofisini kwangu wakanisubiri nimalize chai. Nimeona nzige wakila paa la nyumba. Nimeona mzungu akilia hadharani. Nimeona hata mwanasiasa akitimiza ahadi. Yote hayo niliyatazama, nikaendelea na kazi yangu.

Ila kuna jambo moja. Nikiamka asubuhi, kabla sijavaa viatu, mguu wangu wa kulia hutafuta kitu sakafuni kando ya kitanda. Hutafuta mgongo wa mbwa. Nina mbwa wakubwa wa kulinda hapa nyumbani, wenye vifua kama mapipa, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuvuka mlango. Mguu unajua hivyo, na bado unatafuta. Mke wangu zamani alikuwa akicheka. Siku hizi hunisogezea tu kiatu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Watu wengi wa Nairobi na pande zake walikuwa wamekamatwa au wamefukuzwa mjini, kazi zao zikabaki wazi, na sisi wa kutoka magharibi tukashuka kwenye treni tukazichukua. Sisemi ilikuwa haki. Nasema ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilipata kazi Kitisuru, kwa memsahib mmoja, mzungu mjane aliyeishi peke yake katika nyumba ndefu ya mawe, na kahawa imejaa bonde lote la chini. Niliandikwa mtu wa bustani, lakini bustani hakuijali sana. Alijali mbwa wake. Mbwa mwenyewe alikuwa jike la rangi ya asali, masikio marefu ya kuingia kwenye sahani, aliyeletwa kwa meli kutoka kwao. Kazi yangu ya kweli ilikuwa kumchana, kumtembeza na kumtoa kupe.

Kupe wa Kitisuru, bwana, hujawaona. Nyasi zikirefuka baada ya mvua, ukipita tu na suruali unarudi nao mpaka kiunoni. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi ya nyuma na kopo la mafuta ya taa katikati ya magoti, namfunua yule jike manyoya, namng'oa kupe mmoja mmoja, natumbukiza. Wale walioshiba walikuwa wakubwa kama maharagwe. Ukimkanyaga mmoja, damu inaruka hadi ukutani. Mimi niliona ni wizi mdogo tu, kama panya kwenye ghala. Kupe amekula, umemtoa, yamekwisha.

Mbwa wangu mimi nilimpata humo humo kwenye mistari ya kahawa. Kilikuwa kijibwa kisichojaza kofia, rangi ya vumbi, na masikio yake yamejaa kupe kama gunzi lilivyojaa mahindi. Sijui mama yake alikwenda wapi. Nilimweka ndani ya shati nikapanda naye hadi chumbani kwangu, kule nyuma walikokaa wafanyakazi. Akaugua hapo hapo. Akawa hali chakula, pua imemkauka, anakojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi. Mpishi wa memsahib akaniambia nimtupe kabla hajaninukia chumbani. Sikumtupa. Nilimtilia maziwa mdomoni kwa kitambaa, kidogo kidogo, nikaenda kazini nikarudi, mpaka siku moja niliporudi nikamkuta ametafuna kamba ya kiatu changu kilicho kizuri. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia kiatu chenyewe.

Akakua. Hakuwa na uzuri wowote, tuseme kweli. Mkia umepinda, jicho moja limezungukwa na weusi kama mtu aliyepigwa ngumi. Kupe aliendelea kuwa nao, kwa sababu saa zangu zote zilikuwa za yule wa asali. Mbwa wangu alihudumiwa na kuku wa mpishi. Jua likiwa kali alijilaza chali kwenye vumbi, kuku wanakuja wanamdonoa tumboni, kwapani, mpaka ndani ya sikio, naye ametulia kama mzee kwa kinyozi.

Nilikuwa nimeoa mwaka ule ule niliotoka nyumbani. Mke wangu alibaki kule kwa mama, maana memsahib hakutaka wake za watu kule nyuma, na vibali vyenyewe vya mjini vilikuwa shida. Basi jioni, kazi ikiisha, nilikaa mlangoni na yule koko kichwa kimelala juu ya mguu wangu, nikamwambia mambo. Habari za ng'ombe wa mjomba, habari za mto wa kwetu, jinsi mke wangu anavyocheka akifunika mdomo kwa kanga. Maneno mengi niliyompa mbwa yule yalikuwa ya mke wangu. Aliyapokea yote. Asubuhi nikishusha mguu kitandani, mgongo wake upo, una joto.

Kisha mwaka mmoja mvua ikanyesha kupita kiasi, na yule jike wa asali akaanza kuchoka. Kwanza alikataa kutembea, nikadhani ni uvivu wa watu wanaolala kwenye mito. Halafu akakataa nyama. Nilipomfunua mdomo nione kama jino linamuuma, ufizi wake ulikuwa mweupe kama utumbo uliooshwa. Macho yameingia manjano. Akachuchumaa pale kwenye nyasi, mkojo ukatoka wa rangi ya kahawa. Nikaukumbuka mkojo ule. Nikamwita memsahib.

Alitoa gari mwenyewe, mimi nyuma na mbwa mapajani. Koko wangu aliponiona naondoka alilifuata gari mbio mpaka kwenye kona ya kahawa. Memsahib akamwona kwenye kioo, akasimama, akafungua mlango. Sijui kwa nini. Labda alikuwa hana nguvu ya kuona mbwa mwingine akiteseka siku ile. Tukashuka Westlands, ambayo wakati huo ilikuwa maduka machache ya Wahindi na vumbi, tukaingia mjini, hadi kwa daktari wa mbwa kwenye mtaa wa nyuma ya barabara ya Government.

Daktari alikuwa mtu mrefu asiye na maneno mengi. Alibonyeza ufizi kwa kidole gumba, akaachia, akatazama. Hakuna rangi iliyorudi. Akatoa tone la damu sikioni, akalipaka kwenye kioo, akaliangalia kwenye mashine yake ya jicho moja. Halafu akamweleza memsahib kwa Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemshika mbwa, akanieleza na mimi kwa Kiswahili chake cha kizungu. Hapo ndipo nilipojua kwamba kunywa damu ndiyo dhambi ndogo ya kupe. Kubwa ni kile anachoacha. Anatema mate yake, na ndani ya mate kuna vijidudu, navyo vinaingia ndani ya damu nyekundu yenyewe, vinazaana humo, vinaipasua. Damu iliyopasuka ndiyo ile inayotoka kwenye mkojo. Ndiyo inayogeuza macho manjano. Mbwa anabaki na maji tu mwilini, na moyo unapiga mbio kutafuta damu ambayo haipo.

Akasema dawa anayo, lakini dawa haitamkuta hai. Anahitaji damu ya mbwa mwingine, sasa hivi. Akageuka, akamwona koko wangu amekaa mlangoni anajikuna shingo kwa mguu wa nyuma, ana afya ya mwizi. Daktari akauliza:

"Hii mbwa ya nani?"

Hebu nikueleze mambo yalivyokuwa. Mbwa wa mjini alitakiwa leseni, na bamba la shaba shingoni. Asiye na bamba, watu wa kanjo, yaani halmashauri ya mji, walimkamata, na mwenyewe akajibu. Mimi nilikuwa na cheti changu cha kazi na kibali changu cha kukaa, na nilivibeba kifuani kama watu wanavyobeba rozari. Siku hizo kitu chochote cha Mwafrika kisichokuwa na karatasi kilikuwa kesi. Kila mfanyakazi wa Kitisuru alijua jibu la swali la namna ile, liwe la baiskeli, la koti au la kuku. Jibu lilinitoka mdomoni kabla sijalifikiri.

"Ya memsahib," nikasema.

Memsahib akanitazama. Akamtazama daktari. Akaitika kwa kichwa. Na koko, kwa kuwa watu watatu walikuwa wakimtazama kwa pamoja, akatikisa mkia.

Basi nikaona nilichokiona. Mbwa wawili kwenye meza moja ya bati, chupa katikati, na mpira mwembamba. Mimi nilimshika wangu kichwa. Hakupigana. Alinitazama tu kwa lile jicho lake la ngumi, na damu yake ikatoka nyeusi, nzito, ikapanda kwenye chupa, kisha ikashuka kwa mwenzake. Daktari aliendelea kumfunua yule wa asali mdomo. Ukafika wakati ufizi ule mweupe ukaanza kunywa rangi, kama kitambaa kilichowekwa ukingoni mwa maji. Halafu akamchoma sindano ya dawa ya kuua vile vijidudu, dawa ya buluu, na tulipofika nyumbani ulimi wa mbwa ulikuwa wa buluu kama wino wa shule, na weupe wa macho pia. Nikikwambia hakuna kinachonishangaza, uitoe siku hiyo.

Niliuliza kabla ya kutoka kwa nini wangu haugui na kupe ni hao hao. Daktari akasema wangu aliugua udogoni akapona, na kupe wanaendelea kumkumbusha kila siku. Mwili wake unaijua vita. Yule wa meli hajawahi kuiona. Jambo hilo lilinipa fahari kubwa. Nilipanda gari nimevimba kichwa, nikidhani ninarudi na mbwa wangu.

Wiki ile ile memsahib alishuka mjini akamkatia koko leseni kwa jina lake mwenyewe. Akamnunulia mkanda wa ngozi na bamba la shaba. Mbwa aliyempa mbwa wake damu hawezi kulala kwenye vumbi na kuku, alisema, atalala barazani. Na mimi nikaamriwa kuwaosha wote wawili kwa dawa ya kupe kila Ijumaa, asibaki kupe hata mmoja.

Mpishi, mzee wa pande za kwetu, alicheka mpaka akaweka sufuria chini.

"Kijana, umeoza bila mahari," akaniambia. "Hata mbuzi mmoja hukuitisha."

"Nyamaza, mzee."

"Ninyamaze nini? Sasa wewe ni mkwe wa memsahib. Uanze kuingia kwa mlango wa mbele."

Nilicheka naye. Jioni nikakaa mlangoni na mguu wangu mtupu.

Siku za kwanza mbwa alivunja kamba akaja. Memsahib akamwita kwa filimbi, mbwa akasimama njiani hapo kati, anatazama huku anatazama kule. Mimi sikumwita. Ningemwitaje, na nilishasema mbele ya daktari? Baadaye akazoea. Akanenepa, akang'aa, akajifunza kungoja sahani. Nikipita na ndoo alinitikisia mkia kama alivyomtikisia mtu wa posta. Hapo, nasema kweli, ningependelea aning'ate.

Kwa hiyo nikaondoka. Watu husema nilianza biashara kwa akili, na akili ninayo, sikatai. Lakini nilianza kwa sababu sikuweza kuendelea kuitazama baraza ile. Nilinunua nusu pipa, mkokoteni, na dawa ya unga ya kupe, nikapanga chumba Kangemi, nikaanza kupita nyumba hadi nyumba. Spring Valley, Kitisuru, Westlands, hakuna geti ambalo halikunijua. Mimi ndiye mtu wa kwanza kuosha mbwa wa wazungu kwa malipo akiwa na pipa lake mwenyewe, na kama kuna mwingine anayedai hivyo, mlete. Nilijua kufunua ufizi kuliko madaktari wengine. Nilikuwa nikisema, memsahib, huyu apelekwe leo, kesho umechelewa, na walinisikiliza. Na Ijumaa nilikwenda kule kwa zamani. Memsahib alinilipa nimwoshe mbwa wangu mwenyewe. Nilimwosha taratibu kuliko wote, nikimsugua nyuma ya masikio, nikimweleza kwa sauti ya chini habari za mke wangu, kwamba sasa nina chumba, kwamba ninaweka pesa za kitanda na za kumleta. Povu likimshuka, alifumba macho. Nilitaka kuamini anakumbuka.

Hali ya Hatari ilipoanza kulegea, memsahib akauza nyumba arudi kwao. Mpishi ndiye aliyeniletea habari: jike wa asali anapanda meli, na koko anapelekwa kupigwa sindano ya kulala, maana ni mbwa koko, hana mtu wa kumtaka. Nilivaa koti langu na viatu, nikaenda. Nilipita mlango wa mbele. Nilimkuta memsahib kati ya masanduku, nikamwambia ninamwomba yule mbwa.

"Kwa nini wewe nataka yeye?" akauliza.

"Alikuwa wangu, memsahib."

Akakaa juu ya sanduku. "Wewe nasema mbwa yangu. Mbele ya daktari. Mimi nafikiri wewe hapana penda yeye."

 Memsahib alimfungua mbwa mkanda mwenyewe, akabaki nao mkononi, pamoja na bamba, na bila bamba mbwa akanifuata njia yote ya kahawa hadi Kangemi, pua yake ikigusa kisigino changu. Sikugeuka nyuma hata mara moja. Niliogopa nikigeuka nitaona anaangalia baraza.

Asubuhi ya kwanza nilishusha mguu, na mgongo upo.

Kangemi ilikuwa na ng'ombe, mbuzi, majani, na kupe wake. Sikuwaza. Mbwa huyu amezaliwa kwenye kupe, nilijisemea, kupe watamfanya nini? Niliwaambia hata majirani: huyu damu yake ni dawa, imemponya mbwa wa meli. Walikuja kumwangalia kama wanavyoangalia gari jipya. Kisha siku moja akakataa ugali wenye mchuzi. Nikamfunua mdomo, na vidole vyangu vilivyokuwa vimefunua midomo ya mbwa wote wa Spring Valley havikutaka kuamini. Mweupe. Utumbo uliooshwa.

Nilimlaza ndani ya lile nusu pipa, juu ya magunia, nikasukuma mkokoteni kutoka Kangemi kupitia Westlands mpaka mjini. Watu walinicheka njiani. Mmoja alinipigia kelele kwamba siku hizi mbwa wanapanda teksi. Niliendelea kusukuma, na mimi si mtu wa kuacha neno bila kujibu.

Daktari alikuwa yule yule, na sasa alikuwa na mbwa wake wa kutoa damu nyuma ya nyumba. Alimkumbuka koko kwa lile jicho. Akatingisha kichwa, akanieleza: miaka yote ile barazani, kwenye dawa kila Ijumaa, hakuna kupe wa kumkumbusha. Mwili umesahau vita. Sasa amerudishwa vitani akiwa mgeni kama yule wa meli. Nilisikiliza huku nimemshika masikio. Mikono iliyomsafisha mpaka akasahau ilikuwa hii.

Akaja karani na kitabu chake, Mhindi kijana mwenye haraka. Akasema mbwa akiwa hana mwenyewe, utaratibu ni rahisi: kanjo inamlipia sindano ya kulala, na mimi ninaweza kwenda zangu bila deni. Akiwa na mwenyewe, basi mwenyewe atalipa yote, damu, dawa, kitanda, na leseni ambayo haipo pamoja na faini yake, na atalipa leo. Akainua kalamu.

"Haya. Mbwa wa nani?"

Mfukoni mwangu, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo, zilikuwa pesa za kitanda na za nauli ya mke wangu. Nilikuwa nimemwandikia barua kwamba mwisho wa mwezi naja kumchukua. Koko alikuwa amelaza kidevu kwenye ukingo wa pipa. Hakuwa na nguvu ya mkia. Alinitazama tu.

"Wangu," nikasema. Na kwa kuwa karani hakuandika upesi, nikarudia. "Andika jina langu. Mbwa huyu ni wangu."

Alipona. Ulimi wake ukawa wa buluu, watoto wa Kangemi wakawa wanalipa maembe kumwona. Mke wangu alingoja huko nyumbani mpaka mvua nyingine ikapita, na alipofika, na kusikia sababu, alimtazama mbwa, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa wa pili," akasema, akifunika mdomo kwa kanga.

Walipendana. Koko alipozeeka kabisa, mke wangu ndiye aliyemtafunia nyama. Amelala nyuma ya mashine ya unga, mahali ambapo mpaka leo sijamruhusu mtu kuegesha lori, ingawa nafasi ninaihitaji na madereva wangu wananung'unika. Waache wanung'unike.

Nimenunua vitu vingi tangu siku ile. Sikumbuki bei ya lori la kwanza, wala ya kiwanja. Lakini karani alipomaliza kuandika jina langu, alinigeuzia kitabu nione, na mimi wa darasa la pili nilikisoma bila shida, nikafungua fundo mbele yake. Shilingi mia moja arobaini na saba, na senti hamsini.